Shangazi, bosi alinibaka na sasa HR wanataka nisaini karatasi ndio yaishe. Nianzie wapi?

Shangazi habari za siku, nimekuwa msomaji wako kitambo na sikuwahi fikiria ntakuja kuwa mimi wa kuandika, lakini imebidi.

Mimi nina miaka 27, nafanya kazi kwa kampuni moja ya usambazaji hapa Eldoret, jina sitataja. Karibu miezi miwili iliyopita tulipelekwa semina Naivasha, tukalala hotelini. Usiku wa pili meneja wangu akabisha mlango wa rumu yangu akisema chaja ya laptop yake imeharibika, anaomba yangu. Nikafungua, si ni bosi, ungefanya aje. Akaingia akafunga mlango. Sitaandika kila kitu lakini alinilazimisha. Nilimwambia hapana, nikarudia, halafu mwili ukakataa kabisa nikaganda tu, sikupiga nduru na watu walikuwa rumu ya pili hapo, na mpaka leo hiyo ndiyo inanikula zaidi manake najua swali la kwanza nitaulizwa ni hilo, mbona hukupiga nduru.

Asubuhi nilioga nikajisugua vile unaweza jua, nguo nikafua. Kuna msichana tunafanya naye kazi aliniona kwa breakfast siguzi chakula akanivuta kando, nikamwambia. Ni yeye tu alijua. Sikuenda hospitali, polisi ndio hata sikuwafikiria. Jioni yake huyo mtu akanitumia meseji WhatsApp, "pole kwa jana nilikuwa nimekunywa, hii ibaki kati yetu", na akanitumia elfu tano kwa M-Pesa bila kuniambia za nini. Sikurudisha. Nilikaa nazo bila kuzigusa halafu mwisho wa mwezi zikaenda na rent, sasa naogopa atasema aliniona kama wale wengine akanilipa.

Juzi nikashindwa, nikaenda HR. Walinisikiza vizuri sana, wakanipa hadi maji ya kunywa, halafu wakaniita tena na karatasi imeshaandikwa. Inasema naacha kazi kwa hiari yangu, nalipwa mshahara wa miezi mitatu, na sitaenda polisi wala kortini wala kuongea na mtu yeyote kuhusu "tukio la Naivasha". Nimepewa mpaka Ijumaa ijayo. Wakaongezea, kwa upole, ati nikikataa meneja anaweza kunishtaki kwa kumharibia jina kwa sababu sina ushahidi.

Nyumbani nilimwambia mama, mama akamwambia ba mdogo, na ba mdogo anasema mambo kama haya huongewa na wazee, familia ya huyo mtu inajulikana, waje waseme pole walete kitu yaishe, kesi itanichafua na bado sijaolewa. Mama ananyamaza tu.

Shangazi nauliza. Je nimechelewa? Lazima niwe na pesa ya wakili? Hiyo karatasi nikisaini inamaanisha nini? Na kama niko na njia ingine mbali na polisi ni gani, manake kusema ukweli sijui kama nataka mtu afungwe, nataka tu isiwe kama hakuna kitu kilitendeka.

Mimi, wa Eldoret


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Nimekuamini kutoka mstari wa kwanza na nataka hilo ulijue kabla sijaanza mambo ya sheria, manake ntaongea sheria nyingi na usije ukadhani nimesahau kuna mtu.

Hiyo karatasi usiisaini. Wacha Ijumaa ifike ipite. Waandikie imeili fupi, mistari miwili, "nimepokea karatasi, naomba muda nipate ushauri wa wakili", basi, usieleze zaidi, na ujitumie kopi kwa imeili yako binafsi si ya kazini. Karatasi yenyewe ipige picha kila ukurasa. Wao wanaona ni mtego wako lakini vile ninavyoisoma mimi ni ushahidi wako, kwa sababu kampuni ambayo haiamini kitu kilifanyika haiandiki neno "tukio la Naivasha" na kuweka mshahara wa miezi mitatu juu yake.

Na sasa sikiliza hii, manake ndiyo HR hawakukuambia na ba mdogo wako pia pengine hajui. Ubakaji Kenya ni kosa kubwa la jinai, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema kifungo kisichopungua miaka 10 na kinaweza kufika maisha. Kosa la aina hiyo si mali yako kuliuza wala si mali ya kampuni kulinunua, kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, wewe ni shahidi na mwathiriwa lakini mwenye kesi ni serikali. Ndio maana hakuna karatasi ya ofisini inayoweza kuzuia polisi kuchunguza au mkurugenzi wa mashtaka kushtaki. Tena kuna kifungu kwenye Kanuni ya Adhabu, cha 118, kinasema mtu anayepokea pesa au faida yoyote kwa makubaliano kwamba atafunika kosa kubwa au hatasaidia mashtaka, yeye ndiye anatenda kosa. Anayepokea, umenielewa? Yaani hiyo mishahara mitatu wakikupa ukasaini maneno vile yalivyo, wanaweza kukugeuzia kibao wewe uliyeumizwa. Na wazee wakikaa chini ya mti wakapokea mbuzi wawili na bahasha kwa masharti hayohayo, kifungu ni kilekile. Mwambie ba mdogo hivyo kwa heshima zote, na umwambie hujakataa wazee, wazee wana kazi zao nyingi na nzuri, za mashamba na za ndoa, ila hii iko nje ya kikao chao.

Elfu tano ya M-Pesa haiingii hapo, hukukubaliana chochote. Alizituma mwenyewe, usiku mmoja baada ya tendo, bila kuombwa, na dakika zilezile akiandika pole hii ibaki kati yetu. Weka hizo vitu mbili pamoja uone zinasema nini. Omba statement ya M-Pesa ya huo mwezi uihifadhi. Usimrudishie sasa hivi na usimwandikie kumuuliza zilikuwa za nini, mambo ya kumtega kwa meseji waachie wachunguzi.

Sasa kuhusu simu. Watu wengi wanapiga skrinshoti halafu wanafuta ile meseji kwa sababu inawauma kuiona, na naelewa, lakini korti ya Kenya inataka kujua ilitoka kwa kifaa gani na nani aliitoa, kuna cheti kinaandikwa chini ya Sheria ya Ushahidi kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki. Kwa hivyo meseji ibaki ndani ya simu ileile, usibadilishe simu, usiweke ile kitu ya meseji kujifuta zenyewe, na kama huwezi kuvumilia kuiona, weka hiyo chati kwa archive.

Umechelewa? Hapana. Kushtaki ubakaji hakuna muda wa mwisho Kenya. Kilichopita ni vitu viwili vitatu vya hospitali, na naviandika hapa kwa sababu kuna mwingine anasoma hii na yake ni ya jana usiku: dawa za PEP za kuzuia virusi vya ukimwi zinaanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndio bora, dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, usioge kama unaweza, nguo usifue, ziweke kwa bahasha ya khaki au gazeti si kwa karatasi ya plastiki manake plastiki inashika unyevu na kuozesha kila kitu. Na nenda hospitali kwanza hata kabla ya polisi, hospitali haiwezi kukufukuza ati huna namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi.

Wewe mwenyewe bado nenda hospitali. Pima virusi, pima mimba, magonjwa mengine ya zinaa, na uombe wakujazie fomu ya PRC, ile ya kuhudumia waliobakwa. Hata sasa daktari ataandika ulichomwambia na hali aliyokukuta nayo, usingizi hakuna, hamu ya chakula hakuna, hofu, hayo yote ni rekodi. Hospitali nyingi kubwa za rufaa zina kitengo cha manusura ambapo daktari na mshauri nasaha wako sehemu moja, na kisheria matibabu na ushauri nasaha wa manusura kwenye hospitali ya umma gharama yake ni ya serikali. Fomu nyingine ni P3, ile daktari anajaza kwa ajili ya kesi, hiyo inatoka kwa polisi na haiuzwi. Ukiitishwa pesa uliza risiti, utashangaa vile bei hushuka.

Kuoga na kufua hakujaua kesi yako. Watu wameweka kwa kichwa kwamba bila DNA hakuna kesi, na hapana, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 124 kinasema wazi kwamba kwenye kesi za makosa ya kingono, kama ushahidi uliopo ni wa mwathiriwa peke yake, korti inaweza kumtia mtu hatiani kwa huo ushahidi pekee ikiridhika kwamba anasema ukweli na hakimu aandike sababu zake. Zamani walikuwa wanataka lazima mtu mwingine au kitu kingine kikuunge mkono. Na wewe hata hauko peke yako, una meseji, una M-Pesa, una huyo msichana aliyekuona asubuhi hiyohiyo, una rekodi za hoteli nani alilala rumu gani. Kamera za korido ndio zinanitia wasiwasi kwa sababu hoteli nyingi rekodi zinajifuta zenyewe baada ya muda, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosubiri mwezi mwingine, polisi ndio wenye nguvu ya kuzidai.

Na kuhusu nduru. Sheria inasema ridhaa ni mtu kukubali kwa hiari yake akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Hakuna mahali imeandikwa lazima upige nduru, umng'ate, umkwaruze, uruke dirisha. Ulisema hapana, ukarudia. Mwili kuganda ni kitu madaktari na mahakama wanakijua vizuri, kinawapata watu wengi sana, wanaume pia, na sheria hii ya Kenya inasema "mtu", haisemi mwanamke, so kama kuna kijana anasoma na imemkuta, na yeye aje.

Sasa njia zako. Sio moja, na sio lazima uchague leo, na kuchagua moja hakufungi zingine.

Ya polisi ndiyo kila mtu anaijua na kila mtu anaiogopa. Unaweza ripoti hapo Eldoret ingawa ilitokea Naivasha, wanakuandikia kwa OB wanakupa namba, faili itaelekezwa huko, na jitayarishe kwamba kesi yenyewe pengine itasikizwa huko karibu na ilipotokea, nauli ni yako kuifikiria mapema. Uliza dawati la jinsia, uliza afisa wa kike kama unataka, enda na mtu. Unapoandikisha statement soma kabla ya kusaini, kila ukurasa, kama wameandika "tulikuwa marafiki" na hukusema hivyo wafute. Hapa hutakiwi kuwa na wakili wala kulipa hata senti moja, prosekyuta analipwa na serikali. Ukizungushwa, panda kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, ukizungushwa tena kuna IPOA ambayo kazi yake ni kuwachunguza polisi, na kuna ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka yenyewe. Na hii si ya kubembeleza: tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana wadogo kwa kutochunguza malalamiko yao ya kunajisiwa kwa haraka na kwa ukamilifu, wakaamriwa wachunguze. Wasichana hao walishtaki polisi wakashinda, kesi inajulikana kama ya wasichana 160. Afisa akikuambia "nendeni mkaelewane nyumbani" kumbuka Meru.

Lakini sitakudanganya. Kesi za jinai zinakawia, tarehe zinasogezwa, hakimu anahamishwa, utaulizwa maswali na wakili wake ambayo yatakufanya utake kutoka mbio, na mzigo wa ushahidi ni mkubwa, lazima kusiwe na shaka ya maana. Kuna ambao wameshindwa wakiwa wanasema ukweli mtupu. Na ukishaanza huwezi kuamka siku moja ukasema nimewithdraw, uamuzi wa kuacha si wako tena peke yako. Ndio maana nataka uongee na wakili kabla, si kwa sababu polisi wanamtaka, ni kwa sababu wewe unamhitaji.

Kuna kinga lakini ambazo watu hawaambiwi. Historia yako ya mapenzi, ulikuwa na nani, ulivaa nini mwaka jana, wakili wake haruhusiwi kuichimba bila korti kumpa ruhusa. Unaweza kuombewa utoe ushahidi nyuma ya pazia au watu watolewe kortini, na hukumu nyingi za kesi hizi zinaandikwa kwa herufi za kwanza tu za jina la mwathiriwa. Na tangu Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 unaweza kuwa na wakili wako mwenyewe ndani ya kesi ya jinai, akaongea kwa niaba yako, Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo mwaka 2020. Huyo si wa lazima, ila ukimpata wa bure mchukue kwa mikono miwili.

Njia ya pili ni ya kazini, na hii naona ndiyo inalingana na ile sentensi yako ya mwisho, ati unataka isiwe kama hakuna kitu kilitendeka. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 6 inamlazimisha mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, inayosema utaripoti wapi, mhusika atachukuliwa hatua gani, na kwamba jina lako halitatajwa isipokuwa pale uchunguzi unapohitaji. Nyinyi semina tu mmejaza hoteli, lazima mko zaidi ya 20. Andika barua, sasa kwa maandishi si kwa mdomo, useme umeripoti tarehe fulani, unaomba kopi ya sera, unaomba uchunguzi, na unaomba usiwe chini ya huyo meneja wakati unaendelea. Wakikataa, au wakikufuta, au wakifanya maisha yawe magumu mpaka uache mwenyewe, hiyo inapelekwa Mahakama ya Ajira na Kazi, na huko mzigo wa ushahidi ni mwepesi kuliko jinai, inatosha maelezo yako yawe na uzito kuliko yao. Korti inaweza kukupa fidia kwa kufutwa isivyo haki hadi mshahara wa miezi 12, na fidia ya unyanyasaji wenyewe ni kitu kingine juu yake. Sasa linganisha na mitatu waliyokuandikia uone kwa nini wana haraka ya Ijumaa.

Ya tatu ni kumdai huyo mtu mwenyewe fidia kwa kesi ya madai. Hii ni kesi yako kabisa, wewe ndiye unaanza na wewe ndiye unaweza kuacha, lakini inahitaji wakili na inahitaji yeye awe na kitu cha kulipa. Hapa saa ndiyo inahesabu: madai ya aina hii na ya ajira kwa kawaida ni miaka 3, ukipitisha hapo mlango unafungwa hata kama ukweli wote uko kwako. Na ukifutwa kazi, malalamiko kwa afisa wa kazi ni ndani ya miezi 3. Andika hizo tarehe mahali.

Wale mnaosoma na yenu haikufika hapo, ni mikono tu, ni meseji za usiku, ni "ukitaka promosheni unajua cha kufanya", hiyo pia ina kifungu chake kwenye sheria ya 2006, mtu mwenye mamlaka anayeendelea kukusumbua na anajua hutaki anaweza kufungwa si chini ya miaka 3 au faini isiyopungua 100,000 au vyote. Neno zito hapo ni kuendelea, so wekeni rekodi kila mara, tarehe na maneno yenyewe.

Pesa ya wakili. FIDA Kenya wako tangu 1985 na wanasaidia wanawake wasio na uwezo bila malipo, ofisi zao ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu, kwa hivyo wa karibu nawe ni Kisumu, lakini anza kwa simu kabla hujapanda gari. Kuna CREAW na COVAW, hayo pia ni mashirika ya kutetea wanawake, kuna Kituo cha Sheria ambao wanapokea na wanaume. Serikali yenyewe ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Kama hujui uanze na nani, piga 1195, ni bure, iko usiku na mchana, ni ya ukatili wa kijinsia, watakuunganisha na wa karibu. Mtoto akiwa ndiye ameumizwa ni 116. Ukienda kwa hao mawakili beba kitambulisho, kontrakti ya kazi, picha za ile karatasi, statement ya M-Pesa, simu yenyewe, na ukurasa mmoja uliouandika kwa mkono wako ukisema kilichotokea kutoka mwanzo mpaka mwisho, ili usilazimike kukieleza upya kwa kila mtu kuanzia mlinzi wa geti. Uliza kila wakili swali hili: ukiwa wewe ungeanza na ya kazi au ya polisi, au zote pamoja, na kwa nini. Asipokujibu sababu, tafuta mwingine.

Hilo la kushtakiwa kwa kumharibia jina ni kukutisha. Kupeleka malalamiko ya kweli kwa HR au kwa polisi ndiyo njia sheria yenyewe imeweka, si kuchafua mtu. Kulikuwa zamani na kifungu cha 38 kwenye hiyo sheria ya 2006 ambacho kilitishia anayesema uongo adhabu sawa na ya mbakaji, kikawa kinafanya wanawake wakweli waogope, na kilifutwa mwaka 2012, ila watu bado wanakitaja kama kiko hai. Kile ambacho ningekuomba usifanye kwa sasa ni kumtaja jina Facebook au kwa grupu la WhatsApp la kazini. Najua hasira. Najua pia wengine wamefanya hivyo na wakasikika. Lakini hapo ndipo wakili wake atapata kazi rahisi, na wewe una njia nzuri zaidi hujazijaribu.

Mama yako kunyamaza, mimi sisomi kama amekukataa. Keti naye wewe na yeye bila ba mdogo, umwambie unataka akusindikize hospitali, hospitali tu, usianze na neno kesi. Wamama wengi wanashindwa na kesi lakini hospitali hawawezi kukataa, na akishakaa kwa ile benchi na wewe utaona.

Huyo msichana wa kazini mshukuru halafu muache. Usikae naye mkipanga nani atasema nini, wakili wa upande ule atauliza mliongea mara ngapi na mlikubaliana nini. Mwombe tu aandike mwenyewe, kwa maneno yake, alichokiona na ulichomwambia asubuhi ile, aweke tarehe, asaini, akae nayo kwake. Na umwambie ukweli kwamba HR wanaweza kumwita na yeye, na akiitwa ana haki ya kwenda na mtu na kuomba kopi ya chochote watakachomtaka asaini.